Atakayekula Mchele Ule

Floribert Bwana Chui hakuulizwa kama anamwamini Kristo. Hakuna aliyemwamuru akanyage msalaba au aikane Ekaristi. Alichotakiwa kufanya kilikuwa jambo la kawaida katika kazi za mpakani: apitishe shehena ya mchele ulioharibika, apokee fedha, maisha yaendelee. Mzaliwa huyu wa Goma, aliyezaliwa tarehe 13 Juni 1981 na kusomea sheria, alikuwa mtumishi wa Ofisi ya Ukaguzi ya Kongo, ile OCC ambayo kila mfanyabiashara wa mashariki ya nchi anaijua, na kazi yake ilikuwa kukagua vyakula vinavyoingia nchini. Baada ya kazi alikuwa mwanajumuiya wa Sant'Egidio, akiwafundisha watoto wa mitaani, wale ambao Goma huwaita maibobo. Alikataa fedha, na mchele haukupita. Tarehe 7 Julai 2007 alitekwa. Siku mbili baadaye mwili wake uliokotwa ukiwa na alama za mateso. Alikuwa na miaka 26. Ilichukua miaka 17 hadi Papa Fransisko, tarehe 25 Novemba 2024, kuidhinisha tamko kwamba kijana huyo aliuawa kwa chuki dhidi ya imani. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa mwenyeheri katika Basilika ya Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta, Roma, wakati Goma yenyewe ilikuwa mikononi mwa waasi wa M23 tangu Januari mwaka huo.

Tamko hilo linastahili kutafakariwa, kwa sababu si rahisi kama linavyosomeka. Waliomuua hawakuwa na ugomvi na Utatu Mtakatifu. Katika mji kama Goma, ambako makanisa hujaa kila Jumapili, yawezekana kabisa wao pia walikuwa wamebatizwa. Walichokichukia ni hasara. Kwa hiyo mtu ana haki ya kuuliza: huyu ni mfiadini, au ni mtumishi mwaminifu wa serikali aliyeuawa na wahalifu? Swali hilo ni la zamani. Thomas wa Akwino, katika karne ya 13, alifundisha kwamba tendo lolote la wema, likitendwa kwa ajili ya Mungu, laweza kuwa sababu ya ufiadini, na mfano alioutoa ni Yohana Mbatizaji, ambaye hakuna aliyemtaka aikane imani. Aliuawa kwa kumkemea Herode kuhusu mke wa ndugu yake. Kanisa limeifuata njia hiyo polepole. Mwaka 2021 lilimtangaza mwenyeheri Rosario Livatino, hakimu wa Sicilia aliyeuawa na wahalifu wa kimafia tarehe 21 Septemba 1990, akiwa barabarani kuelekea mahakamani Agrigento. Kongo ina kipimo chake cha safari hiyo. Bakanja Isidore, kijana aliyefanya kazi katika shamba la kampuni ya Kibelgiji, alichapwa vibaya kwa sababu ya skapulari aliyovaa na sala alizowafundisha wenzake, akafa kwa majeraha yake mwaka 1909. Alama ya imani yake ilikuwa shingoni, na kila mtu aliiona. Ya Bwana Chui ilikuwa saini ambayo haikuwekwa kwenye karatasi. Kati yao kuna karibu miaka mia moja, na nadhani wa pili anafanana zaidi na Mkristo wa leo wa nchi zetu, ambaye hakuna anayemzuia kuvaa msalaba, kufungua kikao cha ofisi kwa sala, wala kuandika mstari wa Zaburi nyuma ya basi lake.

Ukilitazama vizuri jambo lililotokea pale mpakani, utaona kwamba liliwahusu watu watatu, na mmoja hakuwepo. Mwenye mali alikuwepo, na fedha zake, na gharama alizoingia, labda na madeni. Mkaguzi alikuwepo. Asiyekuwepo ni yule atakayekula mchele ule: mama wa mtaa wa Birere atakayenunua kilo moja jioni, mtoto atakayepewa uji wake, mzee ambaye tumbo lake tayari ni bovu. Hana jina, na hatajua kamwe kwamba siku fulani uhai wake ulijadiliwa akiwa hayupo. Hoja yangu ni kwamba imani ya Kikristo kazini inapimwa hapo, katika kumwona jirani ambaye hayuko mbele ya macho. Kazi za zama zetu karibu zote zina mtu huyo wa tatu. Muuguzi anayejaza daftari la stoo ya dawa ana mgonjwa wa mwezi ujao. Fundi anayepunja saruji kwenye zege ana wapangaji wa miaka ishirini baadaye. Karani wa ardhi ana mjane ambaye hajui hata kama jalada lake limefunguliwa. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere, chenye uwezo wa abiria 101, kilipinduka karibu na Ukara katika Ziwa Victoria kikiwa kimejaa kupita kiasi, na waliokufa walizidi 220. Kujaa kupita kiasi huanza na mtu mmoja wa ziada, na mara nyingi huyo ni mtu wa watu, ana haraka, anajulikana, na kumkatalia kunaonekana ukatili.

Hapo ndipo penye ugumu wenyewe. Aliye mbele yako ana haki zake, na jamii zetu zimempa heshima kubwa. Mgeni akifika haondoki bila kula. Ndugu akiomba, hatakiwi kujieleza sana. Ukimkatalia mtu ana kwa ana kwa ajili ya kanuni, utaambiwa una roho mbaya, na wakati mwingine ni kweli unayo. Rushwa imeingia kwa mlango huo wa utu. Haiji na sura ya wizi. Huja kama chai, kama kitu kidogo, kama matabishi. Huja na salamu na kuulizia hali ya watoto, na nyuma yake zimesimama methali za kuitetea: mkono mtupu haulambwi. Penye udhia penyeza rupia. Anayepokea huhisi amemsaidia mtu, na kwa kadiri macho yake yanavyofika hajakosea, maana mwenye shida alikuwa mbele yake na sasa anakwenda zake akishukuru. Ndiyo maana mahubiri yanayoieleza rushwa kuwa tamaa tupu hayamfikii anayehubiriwa. Karani hajioni mwenye tamaa. Anajiona mtu anayejua kuishi na watu. Anachokosa ni jicho la kumwona yule ambaye zamu yake imerukwa ili huyu asaidiwe, yule ambaye hakuja ofisini kabisa kwa sababu alijua hana cha kupenyeza, na yule atakayekula.

Maandiko yanalijua jambo hili kwa undani. Amosi, mchungaji wa Tekoa na mtunza mikuyu, katika karne ya nane kabla ya Kristo aliwashutumu wafanyabiashara ambao kwa nje walikuwa waumini wazuri. Walishika Sabato na sikukuu ya mwezi mwandamo, wala hawakufungua biashara siku iliyokatazwa. Kosa lao lilikuwa kwamba hata katika siku hiyo takatifu walihesabu saa zilizobaki, warudi kwenye kipimo kilichopunguzwa na mizani ya hila. Nabii anataja hata bidhaa: takataka za ngano, mabaki ya kupeta yaliyostahili kutupwa, wakauziwa maskini. Zaidi ya miaka 2,700 inamtenganisha Amosi na shehena ya Goma, na dhambi ni ileile, chakula kisichofaa kikitafutiwa mlaji asiye na uwezo wa kukikataa. Angalia pia kwamba maskini wa Amosi hawapo wakati dhambi hiyo inapangwa. Inapangwa moyoni mwa mtu aliye ibadani. Torati nayo ilikuwa imeweka amri kwamba mkulima asivune pembe za shamba lake wala asirudie masazo; ayaache kwa maskini na mgeni. Haimwambii ampe nani. Atakayekuja kuokota atakuja mwenyewe, mkulima akiwa ameshaondoka, na hapatakuwa na shukrani, wala mkono wa kushikwa, wala jina la kukumbukwa. Kwa kizazi baada ya kizazi watu walilelewa hivyo, kila mavuno, kumwachia nafasi mtu wasiyemjua.

Hata mfano wa Msamaria mwema, ambao tumeuhubiri mpaka makali yake yamepotea, una mfanyakazi ndani yake tunayempita kama kuhani na Mlawi walivyompita majeruhi. Msamaria hakukaa. Alikuwa na safari yake. Alimfikisha mtu yule kwenye nyumba ya wageni, akamuuguza usiku ule, na kesho yake akatoa dinari mbili, akampa mwenye nyumba, akaahidi kulipa kitakachozidi atakaporudi. Kuanzia hapo uhai wa majeruhi uko mikononi mwa mtu wa kazi, mtu anayelipwa. Hebu tufikirie nafasi aliyo nayo. Mgonjwa hana nguvu ya kulalamika, huenda hata hajui yuko wapi. Mlipaji amekwenda, na akirudi ataletewa hesabu asiyoweza kuihakiki. Divai inaweza kuongezwa maji. Mafuta ya vidonda yanaweza kuhesabiwa mara mbili. Huruma yote ya Msamaria, pamoja na hatari aliyoikabili katika barabara ile ya Yeriko, ingeishia bure kama mwenye nyumba angekuwa mwizi. Luka hatuambii alifanya nini, lakini wema wa simulizi zima umeegemea dhana kwamba yupo mtu atakayeifanya kazi yake sawasawa bila kusimamiwa. Wakristo wamefundishwa watamani kuwa Msamaria, na ni vema watamani. Hata hivyo mtu hukutana na majeruhi barabarani mara chache maishani. Siku sita za juma wengi wetu tuko katika nafasi ya mwenye nyumba ya wageni: tumeshika fedha za mtu ambaye hayupo, kwa ajili ya mtu asiyeweza kusema.

Mtu atasema kwamba uaminifu wa namna hii haumhitaji Kristo. Ni kweli kwamba Mwislamu anayeijua Sura ya Al-Mutaffifin, ile inayowaonya wanaopunja vipimo, amepewa agizo hilohilo, na yupo asiye na dini yoyote ambaye hawezi kumuuzia mtu chakula kibovu. Hilo halinisumbui, wala halipaswi kumsumbua Mkristo. Hatupati kitu kwa kudai kwamba uadilifu ni mali yetu peke yetu. Ninachodai ni kidogo zaidi, nacho kinatubana sisi kuliko wengine: Mkristo ameondolewa udhuru. Anaamini kwamba Yule atakayemhukumu alijiweka mahali pa asiyeonekana. Katika sura ya 25 ya Mathayo, waliowalisha wenye njaa wanashangaa kuambiwa walimlisha Bwana, kwa kuwa hawakumbuki kumwona. Waliowanyima nao wanashangaa vilevile. Hakuna upande uliomtambua, na hali hiyo ya kutomtambua ndiyo hali ya kila siku ya kazi. Hakuna karatasi ya forodha inayoonyesha kwamba mpokeaji wa mwisho wa shehena ni Kristo. Anayengoja amtambue kwanza ndipo amtendee haki, atangoja mpaka siku ya hukumu. Imani, mahali hapo, ni kumhesabu kuwa yupo wakati macho yanasema hayupo, na sioni tofauti kubwa kati ya tendo hilo na kupiga magoti mbele ya tabernakulo.

Lakini kumwona asiyekuwepo kunataka ujuzi, na nadhani hapa ndipo mafundisho yetu yamekuwa dhaifu kuliko mahali pengine popote. Nia njema peke yake haijui kama nafaka ni salama. Mwaka 2004, mashariki ya Kenya, hasa Makueni na Kitui, mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu yalishika ukungu wenye sumukuvu. Waliripotiwa wagonjwa 317, na 125 kati yao walikufa, ini likiwa limeharibika. Sehemu kubwa yalikuwa mahindi ya nyumbani, yaliyolimwa, kuhifadhiwa na kuliwa na familia zilezile, watu wasiokuwa na sababu yoyote ya kudhuriana. Sumukuvu si lazima ionekane kwa macho. Anayeweza kuizuia ni yule aliyejifunza kukausha nafaka hadi kiwango kinachotakiwa, kupima unyevu, kuchukua sampuli kutoka vilindi vya gunia na si juu tu. Kwa hiyo mkaguzi mcha Mungu asiyejua kuchukua sampuli anaweza kumdhuru jirani sawa na mla rushwa, na dhamiri yake isimwambie kitu. Muda ambao mfamasia anautumia kusoma taarifa mpya za dawa, muda ambao mhandisi anairudia hesabu aliyoimaliza jana kwa sababu kuna tarakimu inayomtia shaka, ni muda wa utumishi kwa Mungu kama ule wa mazoezi ya kwaya. Hatusemi hivyo vya kutosha. Kwenye misiba tunasikia marehemu akisifiwa kwa uimbaji, kwa zaka, kwa kutokosa jumuiya; ni nadra kusikia padri au mchungaji akisimama na kusema kwamba marehemu aliijua kazi yake vizuri na kuna watu walio hai kwa sababu hiyo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, uliuhesabu utengano kati ya imani inayokiriwa na maisha ya kila siku kuwa miongoni mwa makosa makubwa zaidi ya zama hizi. Tumelipokea onyo hilo kama wito wa kuwa na tabia njema ofisini. Lilikuwa linasema jambo zito kuliko hilo, kwamba kazi yenyewe, ubora wake na matokeo yake, iko ndani ya imani.

Pingamizi zito zaidi ni la karani mwenyewe. Anasema: mshahara wangu haujaja mwezi wa tatu sasa; mnanitaka nimwone mlaji nisiyemjua, na wanangu ninawaona kwa macho haya wakilala njaa. Kongo ina msemo wa hali hiyo, Kifungu cha 15, ambacho kila mtu anakijua: jitafutieni wenyewe. Sidhani kwamba mtu anayepokea mshahara wake kila mwisho wa mwezi ana ruhusa ya kumjibu karani huyo kwa haraka. Watoza ushuru walipomwendea Yohana Mbatizaji, hakuwaambia waiache kazi. Aliwaambia wasitoze zaidi ya kiwango kilichowekwa, na askari aliwaambia wasimdhulumu mtu, waridhike na mshahara wao. Agizo hilo linachukulia kwamba mshahara upo. Pale ambapo haulipwi, neno la kwanza la Biblia linakwenda kwa aliyeajiri, na Waraka wa Yakobo unasema kwamba ujira wa wavunaji uliozuiliwa unapiga kelele, na kilio chao kimeingia masikioni mwa Bwana. Mistari ya Paulo kwa Wakolosai inayowataka watumwa watii ilisomwa sana na wenye mashamba. Ule unaofuata, unaowataka mabwana watoe haki kwa kuwa nao wana Bwana mbinguni, haukusomwa kwa nguvu hiyohiyo. Basi hoja ya jirani asiyeonekana inapanda ngazi. Kwa waziri na mkurugenzi, asiyeonekana ni karani huyo na watoto wake. Kwa shule na hospitali za makanisa yetu, ni mwalimu na muuguzi wanaoambiwa wafanye kazi kwa moyo wa kujitolea mahali ambapo wangepaswa kulipwa. Kwa familia ya Kikristo ya mjini, ni dada wa kazi, aliye ndani ya nyumba na bado haonekani, anayeamka kabla ya sala ya asubuhi na kulala baada ya sala ya usiku, na ambaye wasomaji wa Injili sebuleni hawajawahi kumuuliza mshahara huo unamtosha nini.

Pamoja na hayo, liko jambo ambalo karani mwenyewe lazima aambiwe. Kupokea kitu ili kumharakishia mtu hati aliyostahili kuipata ni kosa, na lawama yake wanagawana wengi, wakubwa zake kwanza. Kupitisha chakula chenye sumu ni jambo lingine. Hapo mtoto wa mtu analishwa kwa ini la mtoto wa mwingine, na hakuna mshahara uliocheleweshwa unaoweza kuhalalisha biashara hiyo. Bwana Chui hakuwa mtu wa nchi tajiri. Alikuwa kijana wa Goma, katika mji uliojua vita, mlipuko wa volkano na wakimbizi. Alikuwa na umri wa miaka 13 tu mwaka 1994, mamia ya maelfu ya watu walipovuka mpaka kutoka Rwanda na kipindupindu kikawaua kwa maelfu. Alijua hasa chakula na maji mabaya huufanya nini mwili wa mtu.

Nchi za Maziwa Makuu ziliwahi kuiona imani ikishuka mpaka kwenye daftari. Uamsho wa Afrika Mashariki, uliowaka Gahini huko Rwanda na katika Uganda miaka ya 1930, baada ya Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church kukutana Kampala mwaka 1929, ulienea hadi Burundi, Kenya na Tanganyika. Waliookoka, balokole, waliungama hadharani, na wakarudisha: mali za jirani, fedha za mwajiri, vifaa vya misheni, madeni yaliyosahaulika. Walifanya alichofanya Zakayo aliyeahidi kurudisha mara nne. Kurudisha ni namna kali ya kumwona asiyekuwepo, maana kunamtafuta mtu aliyeibiwa zamani, ambaye pengine hakuwahi kugundua. Naliheshimu sana kundi lile kwa sababu hiyo. Lakini historia inatulazimisha kusema na jambo la pili. Katika miaka hiyohiyo ya 1930, utawala wa Kibelgiji uliwagawia Wanyarwanda vitambulisho vilivyoandikwa kabila la kila mtu. Kwa miaka sitini makarani, wengi wao Wakristo, waliijaza nafasi ile kwa wino na kugonga mhuri. Mwaka 1994, vizuizini, neno lililoandikwa pale liliamua nani apite na nani afe, na makanisa ya Ntarama na Nyamata yakawa machinjio ya watu waliokimbilia humo. Watu walikuwa wamefundishwa kurudisha jembe la jirani. Hawakufundishwa vya kutosha kuiuliza karatasi ambayo kazi yao iliwataka waijaze. Waliokataa walikuwepo. Félicité Niyitegeka, Mhutu aliyehudumu katika kituo cha Kikatoliki Gisenyi, upande wa pili wa mpaka uleule wa Bwana Chui, aliwaficha Watutsi na kuwasaidia kuvukia Goma, akakataa kuwaacha ingawa angeweza kujiokoa, na akauawa pamoja nao Aprili 1994. Leo yumo katika orodha ya mashujaa wa taifa lake.

Ndipo husemwa: mtu mmoja hauwezi mfumo; mchele ule ulizuiwa, mwingine ulipita mahali pengine. Huenda. Ila mfumo hauna mikono yake wenyewe. Kila kitambulisho kilijazwa na mtu, kila shehena hupitishwa na mtu, na anayesema kwamba kukataa kwake hakutabadilisha chochote anapaswa kueleza ni kwa nini wenye fedha wako tayari kumlipa kiasi kile ili asikatae. Ninachokubali katika pingamizi hili ni kwamba hakuna anayeweza kusimama hivyo peke yake kwa muda mrefu. Bwana Chui alikuwa na jumuiya iliyomlea. Balokole walikuwa na mikutano yao ya kila juma, ambamo mtu aliulizwa waziwazi juu ya mambo yake. Makanisa yanayotaka waumini wanyofu lazima yenyewe yakubali kuulizwa, kwanza juu ya sadaka. Novemba 2024 Jimbo Kuu la Nairobi liliikataa michango ya fedha ambayo Rais William Ruto aliitoa katika parokia ya Soweto, likaagiza irudishwe. Uamuzi huo uliwashangaza wengi, waliozoea kuona kwamba fedha ikishaingia kanisani haiulizwi ilikotoka wala inataka kununua nini. Kanisa linalorudisha bahasha ya rais linaweza kumwambia karani wa forodha airudishe ya mfanyabiashara, naye akasikia.

Tunayo mahali pa kulifanya hilo. Jumuiya ndogo ndogo, ambazo maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, kupitia umoja wao wa AMECEA, walizifanya kipaumbele tangu miaka ya 1970, hukutana nyumba kwa nyumba katika mitaa na vijiji vya ukanda huu. Husoma Injili, hupanga michango ya msiba na ya harusi, hujua nani mgonjwa. Kazi za watu wanaoketi pale hazizungumzwi, kana kwamba zinafanywa na wengine. Zingeweza kuzungumzwa. Mwenye duka la dawa aulizwe anavifanyia nini vidonge vilivyopita muda wake. Mwalimu aulizwe kuhusu mada anayoiacha darasani asubuhi ili aiuze jioni kama masomo ya ziada, na dereva kuhusu tairi. Kila mmoja aulizwe pia amekutana na shinikizo gani juma hili, na wenzake wanaweza kumsaidiaje kulikataa, kwa ushauri wa sheria, kwa kwenda naye kwa mkubwa wake, kwa mchango wa chakula akisimamishwa kazi. Na kama katika jumuiya hiyo yupo mwajiri, aanze yeye.